TAHADHARI: "Dawa ya vanishi" inayokula rangi za sanamu

Jamani, kama una sanamu ya rangi na vanishi yake (tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi kuilinda) imegeuka njano, soma hapa kabla hujamtumia mtu hela.

Kuna muuzaji anauza kimiminika kwenye chupa isiyo na lebo, anadai kinaondoa vanishi juu ya rangi yoyote ile. Video yake inavutia: kitambaa kinapita mara moja, unjano wote kwisha. Angalia vizuri, upande wa chini wa kitambaa hauonyeshwi hata mara moja.

Mimi nimeuona. Nimeletewa sanamu ya mbao iliyosafishwa kwa dawa hiyo, pamoja na kitambaa chenyewe: mwanzoni kina ukahawia wa vanishi, halafu buluu tupu. Buluu hiyo ndiyo rangi ya msanii. Begani mbao iko wazi, na kwenye mikunjo, ambako kitambaa hakikufika, vanishi ipo vilevile. Mwenye sanamu alipolalamika aliambiwa amesugua vibaya, kisha akafungiwa asiweze kutuma ujumbe tena.

Chupa inanuka asetoni waziwazi, kile kiyeyushi kikali cha kuondolea rangi ya kucha. Tangu miaka ya 1950 wasanii wengi wametumia rangi za akriliki (zenye plastiki ndani yake), na asetoni huilainisha akriliki sawa na vanishi. Hata spiriti inaweza kuivimbisha mpaka ikaachia. Vanishi nazo hazifanani. Zile za utomvu wa miti, kama damari, kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyodai kiyeyushi kikali zaidi. Dawa moja ya kila sanamu haipo, anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuuliza vanishi iliwekwa na nani, maana pengine ni ya msanii mwenyewe na haipaswi kuguswa. Humulika kwa taa ya urujuanimno (UV) gizani, ambapo vanishi nyingi kuukuu za utomvu hung'aa kijani-njano. Kisha hujaribu sehemu iliyojificha kwa kijiti chenye pamba, eneo dogo kuliko ukucha, akiikagua pamba kila mara. Rangi ikitokea, anaacha hapo hapo.

Kama umeshaipaka, acha kusugua na usifunike kwa vanishi mpya. Piga picha, tunza kitambaa na chupa (mbali na moto, asetoni inawaka upesi), umpelekee mhifadhi wa kazi za sanaa. Muuzaji huyu anabadilisha majina ya akaunti lakini video ni ileile, kwa hiyo ukiiona, iripoti.