Nilivyomchukua mshauri wa kodi Arusha: alichofanya, alichonitoza, na kilichoniudhi

Ninauza vifaa vya ujenzi upande wa Ngarenaro: saruji, nondo, mabati, rangi. Kampuni ndogo, mimi na mdogo wangu. Ukaguzi wa TRA (Mamlaka ya Mapato) wa miaka mitatu ulipokwisha tukaletewa makadirio ya kodi ya shilingi milioni 42. Kodi 36, riba 6. Hoja ilikuwa kwamba pesa iliyoingia benki imezidi mauzo tuliyotaja kwenye ritani, yaani fomu ya kodi tuliyojaza wenyewe.

Aliyewahi kunipigia simu alikuwa kishoka. "Mama, hilo tulimalize kienyeji, nina mtu wangu." Nikakata. Mtu wa hivyo unamlipa, hakuachii karatasi yoyote, na deni linabaki kwenye mfumo vilevile.

Niliyemchukua ana ofisi ghorofani karibu na Barabara ya Sokoine. Jina naliacha, maana nina manung'uniko naye pia. Kabla ya kumpa senti niliomba cheti chake cha NBAA, bodi ya wahasibu, na usajili wa ushauri wa kodi. Alivitoa bila kununa. Swali lake la kwanza lilihusu tarehe niliyopokea notisi, kwa sababu pingamizi lina siku 30 tu tangu uletewe uamuzi. La pili: una shilingi ngapi mkononi? Pingamizi halipokelewi hivi hivi. Unatanguliza kodi usiyoibishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kwangu ni milioni 12, na msimu ule wa mvua duka lilikuwa limepoa kabisa. Akamwandikia Kamishna Mkuu wa TRA kuomba kiasi kipunguzwe, jambo ambalo sheria inaruhusu ukiwa na sababu ya maana. Tukakubaliwa milioni 6.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nione hela yangu haikupotea. Aliniketisha na kijana wake, taarifa za benki zimetandazwa mezani, kalamu za rangi tatu, tukapita mstari kwa mstari. Kijani, mauzo. Njano, mikopo. Nyekundu ilikuwa pesa yetu wenyewe inayozunguka: mteja analipa kwa lipa namba, jioni mdogo wangu anaihamishia benki, kesho yake naipeleka akaunti ya pili kununua saruji. Kwenye karatasi unaona miamala mitatu, kumbe shilingi ni ileile. Kurasa nyingine zilikuwa nyekundu tupu hadi nikacheka.

Hela aliyotukopesha shangazi haikuwa na maandishi. Ikabidi apande basi kutoka Machame aje kula kiapo kwa wakili, na siku nzima alikuwa akiuliza kama na yeye sasa atadaiwa kodi.

Mshauri hakunipamba pia. Mchanga na kokoto tulizonunua kwa wenye maroli bila risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), aliniambia mapema tusizitegemee kupunguza faida. Kweli hazikupita. Kwenye kikao alijibu kilichoulizwa akanyamaza, na mimi alikuwa ameshanionya nisianze kuhadithia.

Jibu lilichukua miezi. Kodi ilishuka hadi milioni 11, ile 6 tuliyotanguliza ikahesabiwa humo, na kilichobaki pamoja na riba yake tunalipa kwa awamu.

Alinitoza milioni 3 kwa hatua: kuandaa pingamizi, vikao, na malipo ya mwisho uamuzi ukitoka. Mwingine niliyemuuliza alitaka asilimia ya kitakachopungua. Sikupenda, ukikubaliana hivyo, kila makadirio yakiwa makubwa ndivyo yeye anavyofurahi. Muulize mshauri wako pia kama bei inafika Bodi ya Rufani za Kodi, unakokata rufaa usiporidhika na uamuzi wa TRA. Ya kwangu haikufika, na nilihakikisha hilo limeandikwa kwenye mkataba.

Sasa manung'uniko. Simu hapokei, utaongea na kijana wake mpaka uchoke. Gharama za fotokopi zilikuja mwishoni wala hazikutajwa mwanzo. Na risiti ya EFD ya malipo yangu niliidai kama ninayedai mahari, yeye ambaye kila kikao alikuwa ananihubiria risiti.

Alitaka tuingie mkataba wa kila mwezi. Nimekataa: hesabu za kawaida mdogo wangu anazimudu, na sasa lipa namba ina daftari lake peke yake. Pingamizi jingine likitokea nitampigia yeye huyo huyo, ila bei ya fotokopi tutaiandika kwanza.