Ever-Ready 1912, Gem na Rolls kwenye ndevu za kipilipili: uzoefu wangu na mashine kongwe za wembe wa upande mmoja

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asipate tabu. Kwa ndevu za kipilipili, ngozi inayotoa vipele na hewa ya chumvi ya huku Mtwara, mashine kongwe ninayoishika mara nyingi kuliko zote ni Ever-Ready 1912. Gem G-Bar inaifuata kwa karibu sana. Gem Micromatic ya chanuo, yaani yenye meno mbele, ambayo wakusanyaji huisifia mno, naiweka ya tatu. Rolls Razor inapendeza mezani kuliko shavuni. Nazungumzia mashine za mkono, siyo zile za umeme za kinyozi.

Tuanze na wembe wenyewe. Ule wa pande mbili tunaonunua dukani una unene wa takriban milimita 0.1. Wembe wa Gem, ambao ndio unaoingia kwenye Ever-Ready pia, ni takriban milimita 0.23. Una makali upande mmoja tu, na upande wa pili umevikwa mgongo wa chuma kilichokunjwa. Kwa unene huo haupindi wala kutetemeka ukikutana na unywele mgumu. Halafu uko peke yake. Katriji za nyembe tatu au tano huuvuta unywele kidogo kabla ya kuukata, ncha inabaki chini ya ngozi, na unywele wa kipilipili ukiwa chini ya ngozi hujikunja ukaota ndani kwa ndani. Vipele vya shingoni huanzia hapo.

Lakini si kila wembe wenye mgongo unafaa usoni. Ziko nyembe za umbo lile lile kabisa zilizotengenezwa kwa kukwangua rangi na vioo, na makali yake hayakupakwa utando wa kuyalainisha. Unaziona zimeingia sawasawa kwenye mashine, unashangilia, kisha pito la kwanza tu shavu linawaka moto. Agiza zilizoandikwa ni za kunyolea, za chuma kisichoshika kutu na zenye utando. Za chuma cha kawaida zinakata vizuri siku ya kwanza, ila kwa unyevu wa huku pwani, Shangani au Mikindani, kesho yake asubuhi unakuta vidoa vya kahawia kwenye makali. Na usivunje wembe wa pande mbili katikati ukitarajia kudanganya mashine. Kipande hicho hakina mgongo, springi hazina cha kusukuma, na makali yanachezacheza.

Sasa mashine. Ever-Ready na Gem zote ziliishia chini ya kampuni ya American Safety Razor ya Brooklyn, New York, nazo zinakula wembe mmoja. Kabla yao walikuwepo ndugu wa familia ya Kampfe, nao wa New York, waliopata hataza ya mashine yao, Star, mwaka 1880. Star inataka wembe mnene wa kunolewa. Kwa kunyoa kila siku iache, ni ya kabati.

Ever-Ready 1912 ni nyepesi, ina mpini mfupi na kifuniko cha bawaba unachokiinua kwa kidole. Unaingiza wembe, mgongo ukiwa nyuma, unausukuma mbele mpaka pembe zake mbili ziguse vijino viwili vya mbele, kisha unafunga. Inakata kwa nguvu ya wastani. Ule wepesi ndio ninaoupenda, kwa sababu mkono haushawishiki kugandamiza na shingoni unaigeuza utakavyo. Kwa ndevu za siku mbili au tatu, pito moja kufuata zinakoota na jingine la kukata ubavu linatosha kukupeleka kazini. Ubaya wake ni kwamba kichwa ni kinene, na chini ya pua unahangaika kidogo.

Gem Micromatic ni za miaka ya 1930 kwenda mbele. Chini ya mpini kuna kitasa, ukikizungusha kifuniko kinainuka chenyewe. Ni shaba iliyopakwa nikeli au dhahabu nyembamba, nayo ni nzito mkononi. Ya chanuo ina meno badala ya ukingo mzima, kwa hiyo ndevu ndefu hupita katikati bila kuziba. Ukiwa umekaa wiki nzima bila kunyoa, hakuna ya kuishinda kati ya hizi. Lakini ni kali, na uzito wake unakugeuka. Kosa dogo la pembe kwenye taya, damu. Clog-Pruf, iliyofuata miaka ya 1940, ina ukingo usio na meno marefu na ni ya upole kiasi. G-Bar ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, na kwangu ndiyo laini kuliko Gem zote nilizozishika, isipokuwa haichimbi sana, kwa hiyo mwenye ndevu nene ataongeza pito. Kama ngozi yako ni ya kuchagua, nunua hiyo wala usisumbuke na ya chanuo.

Kabla hujalipa, kagua vijino. Watu hutazama kung'aa kwa nikeli, na kung'aa hakunyoi. Vijino viwili vya mbele ndivyo vinavyoamua makali yatokeze kiasi gani, na springi za nyuma ndizo zinazoubana wembe kwenye vijino hivyo. Kijino kimoja kikilika, upande huo wembe unatokeza zaidi. Matokeo yake shavu moja linatoka laini, jingine linatoka michirizi. Weka wembe mpya, funga, elekeza kichwa kwenye mwanga wa dirisha na utazame mstari kati ya makali na ukingo. Ukiwa mwembamba upande huu na mpana upande ule, fungua, uusukume wembe mbele tena, kisha tazama upya. Ukibaki vile vile, shida ni ya mashine. Springi iliyolegea unaweza kuikunja kidogo kwa koleo ndogo, kidogo kweli, maana chuma cha umri huo hakipendi kukunjwa mara mbili. Kijino kilicholika sijaona fundi wa kukirudisha. Mrudishie mwenye mali. Tikisa kifuniko pia, kwa sababu bawaba iliyochoka hucheza kushoto na kulia na wembe unacheza nayo.

Usafi wa mashine ya mtumba hauna mjadala. Wembe uliokuja nayo hautumiki. Loweka mashine kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua kwa mswaki laini hasa chini ya springi ambako povu la wazee limegeuka jiwe, suuza, kausha, halafu izamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi. Dawa ya kung'arisha nguo inakula nikeli, iache. Kuchemsha nako kunaharibu mipini ya plastiki ya zamani, mingine inapinda au kupasuka.

Pembe ndiyo inayowashinda waliotoka kwenye wembe wa pande mbili. Kule umezoea kuuinamisha mpini. Hapa lazia paji la kichwa cha mashine bapa kabisa shavuni, kana kwamba unataka kulinyoosha kwa pasi, kisha shusha mpini kidogo mpaka makali yaguse. Unapata kama nyuzi 30. Wembe huu mnene unaongea: pembe ikiwa sawa unasikia mkwaruzo mkavu, wa juu, unaofanana kila pito. Sauti ikififia umeinua mno, unapapasa ngozi tu. Pito liwe la sentimita mbili au tatu, uzito wa mashine ufanye kazi, suuza, endelea. Shingoni usiivute ngozi, maana ukiiachia unywele uliokatwa unarudi ndani. Na kama una historia ya vipele, usipite kinyume cha zinakoota, hata kama mashine inakushawishi.

Maandalizi yanachukua muda kuliko kunyoa kwenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Nawa uso kwa maji ya moto kiasi, acha ndevu ziloe dakika mbili au tatu, kisha zungusha brashi yenye sabuni mpaka povu liwe zito lisilotiririka. Maji ya kisima chenye chumvi hayatoi povu la maana, hapo tumia ya mvua au ya chupa, robo lita inatosha kwa povu. Kwa jamaa wa Newala, ambako maji ni ya kuhesabu, mashine hizi zina nafuu kubwa. Kichwa kiko wazi, ukikitikisa ndani ya kikombe povu lote linatoka, nusu lita inamaliza uso mzima. Katriji yenye nyembe tano hutaisafisha kwa maji hayo. Na msimu wa korosho, aliyeshika maganda aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na ngozi iliyotoka kunyolewa ndiyo inayoumia zaidi.

Ukimaliza, maji baridi, kipande cha shabu kilicholowanishwa, subiri dakika moja, suuza. Mashine ifungue na kuikung'uta, iache ikauke nje ya bafu. Makali usiyapanguse kwa taulo. Kwenye bawaba na kitasa weka tone moja la mafuta ya cherehani mara moja kwa mwezi. Najua Lindi ufuta umejaa, lakini mafuta yake yakikaa yanaganda kama gundi na kitasa kinakwama. Kwa ndevu ngumu wembe mmoja wa chuma kisichoshika kutu unakwenda mara nne hadi sita. Ukianza kuvuta, umekwisha.

Valet AutoStrop naipitia haraka. Ni ya Henry Gaisman, mkanda wa ngozi unapita ndani ya kichwa na kuunoa wembe pale pale. Wazo zuri, mnyoo wa upole. Wembe wake si wa Gem, lakini Feather FHS-10 za Japani zinaingia. Hizo zina utando, kwa hiyo mkanda huna haja nao.

Rolls Razor ilitengenezwa Cricklewood, London, na kampuni hiyo baadaye ikageukia mashine za kufulia kabla ya kufilisika mwaka 1964. Kwa kuwa Waingereza wa ule mradi wa serikali yao wa kulima karanga walijaa Nachingwea na Mtwara mwishoni mwa miaka ya 1940, usishangae ukiletewa moja ndani ya kasha lake la chuma. Mfuniko mmoja una jiwe, wa pili una ngozi, na mpini unausukuma mbele na nyuma, wembe ukijigeuza kwa mlio, takataka, takataka. Kabla ya kila kunyoa unaupitisha kwenye ngozi, na ukififia unarudi kwenye jiwe. Ukiwa umenolewa vizuri unanyoa laini sana, hilo silipingi. Tatizo ni kwamba wembe huo ni chuma cha kaboni. Huku pwani ukiusahau na unyevu usiku mmoja unapata kutu kwenye makali, na vishimo vya kutu havitoki mpaka usage chuma kingi kwenye jiwe dogo ambalo mara nyingi limekwisha kupasuka. Ukiletewa, toa wembe utazame makali kwa lenzi. Ukiona vishimo, au ngozi ya mfuniko imekauka na kubanduka, bei yoyote ni ghali.