Kipimajoto cha bunduki kwa fundi wa bodi: nukta nyekundu haipimi

Bodi ya TV ya mama mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, ilikaa mezani kwangu siku nne. Nikielekeza kipimajoto cha bunduki, kile kinachopima joto bila kugusa, nikaweka nukta yake nyekundu ya leza juu ya diodi, kioo kinasoma nyuzi 41. Basi nikaiacha diodi, nikabadilisha kapasita mbili, nikabadilisha na IC ya pawa. Siku ya nne nikaigusa kwa kidole, nikatoka na lengelenge. Muda wote kipimajoto kilikuwa kinapima bodi tupu, chini kidogo ya nukta.

Wauzaji hawalisemi hili. Leza haipimi kitu. Inayopima ni lenzi, na leza imekaa juu yake. Ukipima ukuta ulio mbali, tofauti hiyo si kitu. Ukiinamia bodi kwa sentimita 5, nukta iko kwenye diodi na lenzi inatazama kwingine. Halafu ile 12:1 ya kwenye boksi, yaani umbali kwa upana wa duara linalopimwa: ukiwa sentimita 60 unapima duara la sentimita 5, ukiwa sentimita 12 duara la 1. Ukisogea zaidi duara halipungui tena, maana lenzi yenyewe ni pana. Diodi ya milimita 3 inachanganywa na bodi iliyoizunguka, namba inashuka.

Kiwango cha juu cha nyuzi 400 au 500 kinachotangazwa kisikushughulishe. Silikoni nyingi, yaani diodi na IC za kwenye bodi, ukomo wake ni 150.

Nendeni dukani na kijiti cha udi. Kiwashe, shika kipimajoto kwa umbali unaofanyia kazi, sogeza kaa la udi polepole juu na chini hadi namba ipande kabisa. Tazama nukta iko wapi na kaa liko wapi. Pengo hilo likariri, ndilo utakalofidia kila siku.

Kwa vipimajoto vyenyewe, mimi ni mpenzi wa kampuni ya Fluke, sifichi. 62 MAX+ naiweka ya kwanza: ina leza mbili, kwa hiyo unaona eneo badala ya nukta moja, emisiviti (namba ya jinsi uso wa kitu unavyotoa mionzi ya joto) inarekebishika, na imetengenezwa kuhimili kuanguka mita 3. Mpya ni ghali, nilinunua iliyotumika kwa fundi wa viyoyozi, na bado naipima kwa udi.

Ya pili UNI-T UT300S. Ni 12:1, emisiviti inarekebishika, mfuko unaimudu.

GM320 emisiviti yake imefungwa kwenye 0.95. Bati la kupozea linalong'aa litakudanganya mpaka ubandike tepu nyeusi ya umeme. Inatosha kwa kuanzia.

Vile vya kupima homa kwenye paji la uso viacheni, vimetengenezwa kwa joto la mwili tu.

Kwa vidude vidogo kabisa, mita yenye waya wa kupimia joto kama UT33C inagusa chenyewe, na inayashinda mabunduki yote haya.

Kipimajoto changu cha kwanza nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 75,000. Nilipoomba kukijaribu niliambiwa boksi halifunguliwi kabla ya kulipa. Nilipokirudisha nikaambiwa kilichofunguliwa hakirudi. Sisi wa Ngamiani, Tanga, tunapanda basi alfajiri kwenda Dar kutafuta kifaa, tunauziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hajawahi kukielekeza kwenye bodi, halafu nauli ya kwenda kulalamika na kurudi inakaribia nusu ya bei yake. Sasa hivi, pasipo ruhusa ya kuwasha udi, sitoi hela.