Kisima cha bomba la kupigwa, Kaole: fundi aliyeosha maji yakatakata

Kisima chetu hapa Kaole, Bagamoyo, ni kifupi: bomba la inchi mbili lenye ncha na chujio, limegongwa mchangani mita sita. Aliyelipiga simlaumu kwa kazi ya kupiga, maji yalipatikana siku hiyo hiyo. Namlaumu kwa kuyaona maji kama yaliyooshewa mchele, akasema "yatajisafisha yenyewe", akaenda zake. Tulipampu wiki mbili bila nafuu. Jirani akanipa shabu ya kutulizia maji. Ndoo ilitulia vizuri, lakini kisima kilibaki vile vile.

Fundi wa pili ndiye ninayemsifu. Alijaza chupa, akaiweka kivulini: "Mama, tuiache mpaka kesho." Mchanga ulikaa chini palepale, ukungu tukaukuta asubuhi. Akasema huo ni udongo wa mfinyanzi; ingekuwa chuma, maji yangetoka safi halafu yageuke rangi ya kutu. Bomba likigongwa hukandika udongo laini kwenye matundu ya chujio, na ukipampu tu, chembe zinavutwa upande mmoja na kubanana hapo hapo. Lazima maji yasukumwe nje, yavutwe ndani; huko ndiko kuosha kisima.

Akafungua pampu, akatumbukiza fito ya chuma yenye visahani vya mpira alivyokata kwenye ndala kuukuu, vikabana vizuri ndani ya bomba. Juu, chini, polepole kwanza, maana ukianza kwa nguvu chujio linaweza kubonyea. Kisha tukapampu. Yakatoka kama chai ya maziwa! Moyo ukanienda mbio. "Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta," akasema, akarudia tena na tena hadi alasiri. Kwenye ndoo ya mwisho nilisoma maandishi ya kitakoni kupitia maji.

Akatia klorini, ikalala usiku kucha, kesho yake tukapampu hadi harufu ikaisha. Maji ya kunywa bado nachemsha, kwani vyoo vya shimo haviko mbali. Alinionya pia nisivute mfululizo: huku pwani maji baridi yameelea juu ya ya chumvi, ukizidisha chumvi inapanda.

Alichelewa siku mbili, na sakafu ya saruji kuzunguka bomba haikuwemo kwenye bei yake. Hata hivyo ningemwita tena. Unayetaka kupiga kisima, kabla hujatoa hela muulize fundi: kuosha kumo kwenye bei?