Kuuza Mazda RX-8 bila dalali: uzoefu wangu Dar

Nimeuza RX-8 yangu, gia za mkono, namba ya usajili ya herufi D, bila yadi na bila dalali. Kwa anayewaza kufanya hivyo na gari ya spoti niseme mapema: kama una Toyota kama IST, Premio au Rav4, mpe dalali na uendelee na shughuli zako, itatoka tu. RX-8 ni habari nyingine. Hii ukiipeleka yadi unaipeleka kufa.

Sababu ni injini yenyewe. Haina pistoni. Ni rotari: ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka ndani ya chemba, na haipendi kabisa kuwashwa ikiwa baridi, kusogezwa mita mbili, kisha kuzimwa. Petroli inabaki ndani, plagi zinalowa, na mara nyingine unapiga stata mpaka betri inakata. Sasa fikiria maisha ya yadi: asubuhi magari yanasogezwa yaoshwe, mchana mtu anapita anasema "hebu washa nisikie", kijana anawasha, anazima, jioni yanapangwa upya. Baada ya siku chache gari yako imesimama kwenye kona na kila anayeuliza anaambiwa "hii injini ina shida". Dawa yake kwa anayeijua ni ndogo: unakanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata, kompyuta inakata petroli, injini inajikausha. Lakini nani pale yadi atajua?

Nilipita yadi moja kuuliza. Swali la kwanza la jamaa wa pale: "Bosi, mkononi unataka ngapi?" Yaani nitaje changu, kinachozidi ni cha juu chake. Alipoambiwa ni RX-8 akataja bei ambayo mtu huitoa akitaka kuikata spea. Nikaaga.

Tangazo niliweka mwenyewe, Instagram na magrupu ya WhatsApp ya magari. Picha za nje kila mtu anazo, kwa hiyo nilikazania vitu viwili. Kwanza maandishi ya kweli: mjini inakwenda kilomita sita au saba kwa lita, na inakula oili. Hiyo ya oili niliieleza kabisa, kwamba imeundwa hivyo, inajipulizia oili kidogo ndani ya chemba kulainisha sili za ncha za rota, na mwenye gari lazima azoee kuchungulia stiki ya oili kila anapojaza tanki. Pili niliweka video: gari imetoka barabarani, geji ya joto iko katikati, naizima, nawasha palepale, inashika mara moja. Asiyejua rotari ataona video ya kuchosha ya mtu anawasha gari. Anayejua ataelewa kila kitu, kwa sababu rotari iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikagoma ikiwa ya moto.

Simu zikaanza. Wengi, hata salamu hakuna: "Mwisho ngapi?" Mmoja alitaka tubadilishane na Crown niongeze hela mimi. Mwingine ana kiwanja Chanika, hakijapimwa lakini "serikali ya mtaa wanakijua". Na kuna wale wa kadi. Kwenye kadi ya gari ujazo wa injini unasoma 1300, maana kila rota ni cc 654. Mtu akiona 1300 anapiga hesabu ya Vitz, gari ndogo ya pistoni. "Kaka, cc 1300 halafu unasema inakula mafuta? Labda plagi zimechoka." Nilieleza mara ya kwanza, ya pili, baadaye nikawa nawatumia ujumbe mmoja niliouandika tayari.

Kuna kundi jingine sikulitegemea, la wanaokuja kupiga picha. Vijana watatu walikuja Coco Beach, mmoja amevaa miwani, mwingine ana kamera, wakafungua ile milango ya nyuma inayofunguka kinyume, wakakaa, wakashuka, wakakaa tena. Walijua kwamba injini hii ilichukua tuzo ya Injini ya Mwaka 2003, walijua inafika mizunguko elfu tisa. Nilipouliza nani mnunuzi wakatazamana. Sikukasirika, nilikuwa hivyohivyo zamani, ila baada ya hapo nikaweka utaratibu: hakuna kuiona bila kutaja unalipaje, hakuna kuendesha bila leseni mkononi, na kukutana ni kituo cha mafuta chenye kamera, mchana.

Mambo ya udalali nayo hayakukosekana. Picha zangu zilehile nilizikuta kwenye ukurasa mwingine, bei imepanda milioni mbili, namba ya simu si yangu. Niliweka maandishi makubwa juu ya picha mpya, "mwenye gari ndiye anayeuza", mchezo huo ukapungua kidogo.

Aliyenunua nilimjua kwa swali lake la kwanza. Hakuuliza bei. Aliandika: "Habari kaka, oili unaongeza baada ya kilomita ngapi, na koili za plagi ulibadilisha lini?" Mtu mzima, aliwahi kuwa nayo nyingine miaka ya nyuma. Alikuja na fundi wake, na hapa ndipo palikuwa na kazi.

Fundi alileta kipimo cha kawaida cha kompresheni, yaani presha ya ndani ya injini, kile cha Toyota. Kwenye rotari kipimo hicho kinadanganya, maana rota moja ina nyuso tatu na kila uso una presha yake. Kipimo kinashika ule wenye nguvu kuliko wote na kuficha zilizochoka. Kipimo maalumu hakikuwepo. Tukafanya vinginevyo: tukatoa kile kidude kidogo kinachozuia presha isirudi, tukachomoa plagi ya chini, tukafunga kipimo, nikakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata. Mshale haukutulia, ulikuwa unaruka: tap, tap, tap. Unachotafuta si namba, ni usawa. Mruko mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, sili ya uso ule imekwisha. Ya kwangu iliruka sawa rota zote mbili. Yule fundi, ambaye alikuja amekunja uso, aliomba turudie ili arekodi kwa simu. Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kama injini ni nzima.

Bei tukabishana kistaarabu. Hoja yake: Mazda waliacha kuitengeneza 2012, spea ni za kuagiza. Hoja yangu: ndiyo hiyohiyo inayoilinda bei. Ukiagiza nyingine Japani leo umri wake umeshapita miaka kumi, kwa hiyo juu ya ushuru mwingine unabandikwa wa uchakavu, asilimia 30. Ya kwangu iko hapa, haidaiwi, imeshazoea petroli yetu na matuta yetu. Alipunguza kidogo, nikapunguza kidogo, tukakutana milioni 12. Dalali aliyenipigia siku ileile akidai "nina mteja wa haraka" alikuwa ananipa tisa.

Malipo: tulikwenda benki pamoja, akahamisha kwa TISS, mfumo wa kutuma pesa benki kwa benki, na mimi nikasubiri salio lionekane, si meseji. Meseji ya muamala mtu anaweza kukuandikia mwenyewe kwenye simu yake, na hapo utabaki unapunga mkono gari inaondoka.

Makaratasi hayakuwa magumu kama watu wanavyotisha. Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, namba zetu wote za mlipakodi (TIN), vitambulisho, picha, kadi halisi, kisha maombi mamlaka ya mapato, TRA. Ushuru wa stempu ni asilimia moja ya bei, kwetu ikawa 120,000, ada ya kuhamisha umiliki 50,000 na kadi mpya 10,000. Tulikubaliana analipa yeye. Andikeni hilo kwenye mkataba, maana ndipo ugomvi wa watu wengi unapoanzia. Kabla ya yote nilikagua deni la trafiki kwa namba ya gari na kulipa faini moja ya mwendokasi iliyokuwa inanisubiri. Bima iliyokuwepo ilikuwa kwa jina langu, kwa hiyo alikata yake kabla hajatoka.

Mwishoni aliomba plagi za akiba nilizokuwa nazo. Nne, mbili za juu na mbili za chini, na hazibadilishani. Nilimpa bure, sina gari nyingine duniani ya kuzifunga.

Kwa hiyo ndiyo, kwa gari ya aina hii ningeuza tena mwenyewe. Inachosha, simu zinaudhi, lakini mnunuzi wa gari ya spoti hafuati yadi, anafuata gari, na anataka kuongea na mtu aliyekuwa anaichungulia stiki. Jambo moja tu sikulilegeza: wawili kabla yake walitaka kulipa, wachukue gari, halafu jina "tutabadilisha tukipata nafasi". Faini za barabarani zinaandikwa kwa namba ya gari, na namba ile kwenye mfumo bado ni wewe. Mtu akikwambia hivyo, pesa yake irudi na funguo zibaki mfukoni.