Kuchanjwa upya Uingereza: huduma nzuri, lakini kadi ya kliniki haikusomwa

Kituo cha daktari wa familia kilichomhudumia mwanangu jijini London, ambacho sitakitaja jina, kinastahili sifa kwa kila jambo isipokuwa namna kilivyoipokea kadi yake ya kliniki kutoka Wete, Pemba. Chanjo za watoto hazilipiwi, miadi iliheshimiwa, na muuguzi alitueleza kila sindano kabla ya kuichoma. Kadi yenyewe, iliyojazwa kwa mkono na kupigwa mihuri, ilitupiwa jicho tu, kisha ikaandikwa kwamba mtoto hana kumbukumbu za chanjo na ratiba yote ianze upya.

Mwongozo wa afya wa Uingereza hauagizi hivyo. Mtoto huhesabiwa kuwa hajachanjwa pale ambapo hakuna kumbukumbu ya kuaminika. Dozi zilizothibitishwa hazirudiwi, na mfululizo uliokatika huendelezwa ulipoishia. Pentavalenti tunayopewa hapa Zanzibar katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib (bakteria wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia), maradhi yale yale wanayoyachanjia wao, na tarehe zote tatu zilikuwa zinasomeka. Nilipoomba tuipitie kadi pamoja, mstari kwa mstari, muuguzi alikubali bila ubishi na dozi hizo zikaingizwa. Nayo BCG, chanjo ya kifua kikuu, haikuguswa, kwani kovu la mkononi lilitosha kuwa ushahidi.

Kwa upande wa surua, hata hivyo, haki ilikuwa yao. Dozi yetu ya kwanza hutolewa katika miezi 9, kwa sababu huku maradhi hayo yanaweza kumpata mtoto mapema na si busara kungoja. Lakini kinga ambayo mtoto ameirithi kwa mama yake huweza kuidhoofisha chanjo katika umri huo, ndiyo maana Uingereza haihesabu dozi ya surua iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Isitoshe, chanjo yetu ni ya surua na rubela, ilhali MMR waliyokuwa wakiitoa wao wakati huo iliongeza matubwitubwi, kwa hiyo hata dozi yetu ya pili, ya miezi 18, isingemwondolea sindano hiyo. Wapo wazazi wanaoliona jambo hili kuwa ni dharau kwa vituo vyetu. Sikubaliani nao: aliyekwisha kupata kinga hadhuriki kwa kuchanjwa MMR tena.

Anayesafiri na watoto aombe kituo alichowachanjia kimwandikie kwa Kiingereza, kwa karatasi yenye muhuri, jina la kila chanjo na tarehe yake kamili. Kitabu cha manjano cha safari hakitoshi, kwani mara nyingi hujazwa homa ya manjano pekee, ambayo cheti chake, tangu Julai 2016, hudumu maisha yote, na skuli za huko hazikiulizii. Kituo chenyewe ningekipendekeza kwa mzazi yeyote, ila asiondoke mapokezi kabla ya kuhakikisha kwamba kila dozi imeingizwa kwenye kompyuta.