Nimemaliza kozi ya wiki nane ya imani na hisia, maoni yangu haya hapa

Haya, nimemaliza. Wiki nane, kila siku somo la sauti la dakika kumi na kitu, daftari la mazoezi unaprinti mwenyewe, na Jumamosi mnakutana kwenye simu watu tisa na mwezeshaji mmoja. Jina la kozi silitaji maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi, ila kozi za hivi zinafanana sana, unaweza ukaikuta yako humuhumu.

Nilijiunga kwa hasira, nisidanganye. Mama alilazwa, nikampigia dada yangu usiku kucha hapokei, asubuhi ndo anatuma meseji "pole mdogo wangu nililala, Mungu ni mwema". Ile Mungu ni mwema ndo ilinimaliza. Toka siku hiyo kanisani nikawa naimba mdomo tu, moyoni namjibu dada, miezi minne nzima. Kwahiyo kuona kozi inasema imani na hisia za kila siku nikasema ngoja nione, kama kuna cha maana au ni yaleyale ya mstari mmoja asubuhi mmoja jioni kama dozi.

Wiki ya kwanza walinikamata. Hawakupi mstari wowote. Unaambiwa andika unachojisikia, na ni marufuku kuandika "niko sawa", marufuku pia "namshukuru Mungu" mpaka ufike ukurasa wa pili. Nikacheka, nikashika kalamu, nikakaa hapo kama dakika tano sina neno, yani mtu mzima nimeokoka miaka yote hii na nikiulizwa najisikiaje nina jibu moja tu, nimechoka. Alafu sasa ndo wanakufungulia Zaburi ya 13. Ni fupi, aya 6 tu, na kwenye zile 2 za mwanzo mtu anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Nne! Hakuna salamu wala utangulizi. Zoezi lenyewe ni kuandika hata lini zako nne. Zangu siziweki zote hapa ila ya tatu ilikua hata lini mimi tu ndo wa kupokea simu, na ya nne ikatoka bila kupanga, hata lini nitalala na simu mkononi nikisubiri kuambiwa mama hayupo. Hapo nikaweka kalamu chini. Miezi minne najua nina hasira na dada kumbe nilikua naogopa.

Siku iliyofuata wakaleta Zaburi ya 88, ile ambayo haigeuki kuwa furaha hata kidogo, inaishia gizani. Mwalimu akaisoma yote taratibu, rekodi ikaisha. Hakuomba, hakusema amina. Nikadhani bando limeisha.

Na wiki ya huzuni nayo nzuri, wamekaa na Eliya kwenye Wafalme wa Kwanza sura ya 19 siku zote saba. Huyu ametoka kushusha moto Karmeli juzi tu, leo yuko chini ya mti anaomba afe, na malaika hamkemei, anamwamsha ale, analala tena, anaamshwa mara ya pili ale tena. Mazungumzo na Mungu yanakuja baadae huko Horebu. Mwalimu anasema kabla hujajihukumu huna imani jiulize kwanza umelala lini mara ya mwisho. Hilo nimelichukua. Ila lile la muhimu kabisa, kwamba huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo au mtu akianza kuwaza kujitoa uhai atafute daktari bila kuchelewa, wameliweka sentensi moja mwisho wa siku ya saba, tena mbiombio. Lilitakiwa liwe la kwanza, na lirudiwe.

Sasa tuje kwenye madudu. Wiki ya wasiwasi ni mbovu, sina namna nyingine ya kusema. Wamechukua Wafilipi 4:6, ile msijisumbue kwa neno lolote, wakaifanya amri ya polisi, ukijisumbua umevunja. Jamani Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na kwenye barua hiyohiyo sura ya 2 anasema anamrudisha Epafrodito, mjumbe wao Wafilipi, ili huzuni yake mwenyewe ipungue, yani naye alikua nayo na anaitaja kwa jina. Na Yesu pale Gethsemane je, usiku wa kukamatwa, aliposema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa? Jumamosi ile dada mmoja kwenye kikundi akauliza, moyo wangu unaenda mbio usiku mpaka nashindwa kupumua, kwahiyo ni dhambi? Mwezeshaji akasema tuombe. Tukaomba. Jumamosi iliyofuata tulikua nane.

Wiki ya msamaha nayo walinichoma. Wanatumia lile la jua lisizame na hasira bado unayo, wakageuza deadline, unatakiwa umpigie uliyekosana nae kabla ya magharibi. Na mimi mtiifu nikapiga. Dada akasema "kwani nilikukosea nini", nikataja, akalia, nikapandisha sauti, simu ikakatwa na sijui ni nani alikata. Kusamehe na kupatana ni vitu viwili na kozi nzima haijavitenganisha. Angalieni Yusufu, kaka zake wamekuja Misri na yeye kashawajua, anawaweka kifungoni siku tatu, anamzuia Simeoni, anaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini, na katikati ya hayo yote anajitenga pembeni analia, kujitambulisha kwenyewe kunakuja Mwanzo sura ya 45 wakati stori ya kuja kwao imeanza sura ya 42. Alikua anapima kama ni walewale waliomuuza. Hakuna aliyemwambia jua linazama.

Kingine kidogo ila kinakera, zile arifa. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, "Umemsahau Mungu leo?" Leo ipi, bado usiku! Nilikosa siku mbili mama alivyozidiwa, ya tatu nikakuta kialama chekundu, kama mtoro wa shule.

Ningempa nani hii kozi? Aliyezoea kufunika kila kitu kwa "Bwana asifiwe", wiki ya kwanza na ya huzuni zitamsaidia sana. Mwenye wasiwasi ule wa kushindwa kupumua hapana, na aliyeumizwa na mtu ambaye bado anaumiza hapana kabisa, ile wiki ya msamaha inaweza kumrudisha mikononi mwake. Nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za daftari.

Arifa nimezima, daftari nimeprinti tena kurasa za wiki ya kwanza tu. Na dada tumeanza kutumiana meseji, kuhusu dawa za mama, basi. Juzi kaandika "leo zamu yangu, lala".